Kidonge Kimoja, Maini Mawili

Nimefanya kazi ya ufamasia mkoani Kigoma kwa miaka mingi, sehemu kubwa yake nikiwa nyuma ya dirisha la dawa la hospitali ambayo sitaitaja jina, na jambo lililonisumbua kichwa kuliko hata uhaba wa dawa ni hili: watu wawili wanapewa dawa ileile, ya kiwanda kilekile na namba ya toleo ileile, kwa kipimo kinacholingana na uzito wao, kisha mmoja anamaliza matibabu kana kwamba hakumeza kitu na mwenzake anarudi akilia. Chuoni tuliambiwa kwamba dawa hutofautiana kati ya mtu na mtu, tukaandika sentensi hiyo kwenye daftari, tukaijibia mtihani, tukaendelea na somo lililofuata. Dirishani ndipo sentensi hiyo ilipoanza kuwa na nyuso.

Walionilazimisha kulifikiria jambo hili kwa makini walikuwa ndugu wawili wa tumbo moja, dada na mdogo wake wa kiume, waliotoka kijiji kimoja cha upande wa Kasulu wakiwa wote wanaugua kifua kikuu. Waliishi nyumba moja na kula chungu kimoja, na hata mizani iliwaweka kundi moja la uzito, kati ya kilo 40 na 54, kwa hiyo kila mmoja alipangiwa vidonge vitatu kwa siku vya mchanganyiko wa dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Kila kidonge cha mchanganyiko huo kina miligramu 75 za isoniazidi, kwa hiyo kila mmoja alikuwa akipata miligramu 225. Hakuna aliyepunjwa wala aliyezidishiwa. Mama yao ndiye aliyekuwa msimamizi wa matibabu nyumbani, mwanamke makini aliyewamezesha wote wawili kila asubuhi mbele ya macho yake na kuweka alama kwenye kadi kabla hata hajawasha moto wa uji.

Kabla mwezi wa pili haujaisha, dada akaja dirishani akitembea kwa visigino, akiogopa kukanyaga kwa unyayo mzima. "Daktari," akaniambia, maana kwetu kila aliyeko upande wa ndani wa dirisha ni daktari, "dawa tumepewa sawa na mdogo wangu, mbona mimi tu ndiye nyayo zinawaka moto? Usiku hata shuka ikinigusa siwezi." Nikamuuliza maswali ya kawaida. Pombe hatumii, sukari ilikuwa imepimwa ikakutwa iko sawa, maambukizi ya VVU hana, ujauzito hana. Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma yake, mzima, na nilipomtazama akavua kandambili moja akaninyooshea mguu, kama shahidi aliyeitwa upande wa utetezi wa dawa.

Ganzi na kuungua kwa nyayo ni madhara yanayofahamika ya isoniazidi. Dawa hiyo huingilia vitamini B6 mwilini, na neva ndefu zinazofika miguuni ndizo zinazoathirika mapema. Tiba yake ni vitamini hiyohiyo, inayoitwa pairidoksini, na tabibu alimwandikia siku ileile. Baada ya majuma kadhaa alikuwa anatembea vizuri na matibabu ya kifua kikuu hayakukatizwa. Lakini swali lake lilikuwa "mbona mimi tu," na pairidoksini hailijibu swali hilo.

Jibu liko kwenye ini. Ukisimama bandarini Kigoma siku boti ya mizigo imefunga gatini kutoka upande wa Kongo, utaona kwamba muda wa kuimaliza shehena hautegemei wingi wa magunia peke yake bali pia idadi ya makuli waliojitokeza na nguvu zao. Magunia yaleyale yanaweza kuisha kabla ya adhuhuri au yakalala gatini hadi kesho yake, na kesho yake boti nyingine inakuja. Ndani ya ini makuli hao ni vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina aina ya mzigo kinaoujua. Isoniazidi hushughulikiwa na kimeng'enya kiitwacho NAT2, ambacho huibandika kipande kidogo cha kemikali kiitwacho asetili ili ipoteze nguvu yake na figo ziweze kuitoa. Maelekezo ya kukitengeneza kimeng'enya hicho yameandikwa kwenye jeni iliyoko katika kromosomu ya 8, na kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na nyingine ya mama. Zipo nakala ambazo herufi moja au kadhaa za vinasaba zimebadilika, na kimeng'enya kinachotokana nazo huwa dhaifu: ama hakidumu kwenye seli, ama kinafanya kazi kwa kujikongoja. Mtu mwenye nakala mbili nzima huipunguza isoniazidi iliyomo kwenye damu hadi nusu kwa muda wa saa 1 au 2 hivi; mwenye nakala mbili dhaifu huhitaji saa 2 hadi 5. Kipimo kwenye kadi ni kilekile, lakini kwa huyu wa pili neva zinaogelea ndani ya dawa kwa muda mrefu zaidi kila siku inayokuja.

Habari hii ina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaoitumia dawa hiyo. Isoniazidi ilianza kutibu kifua kikuu mwaka 1952, na kufikia mwaka 1954 Hettie Hughes na wenzake huko Marekani walikuwa wamekwisha kuona kwamba wagonjwa wanaopata ganzi ndio walewale ambao mkojo wao unatoa isoniazidi nyingi ambayo mwili haujaibadilisha. Mwaka 1960 David Price Evans na wenzake wakazipima familia nzima, wazazi pamoja na watoto, wakaonyesha kwamba upolepole huo unarithiwa kwa kanuni iliyo wazi, na kwamba ili mtu awe wa polepole kabisa ni lazima nakala zote mbili ziwe dhaifu. Ndiyo sababu wazazi wawili wanaweza kuwa na nakala moja nzima na moja dhaifu kila mmoja, wakaishi maisha yao yote bila kujua, kisha kila mtoto wanayemzaa akawa na nafasi moja kati ya nne ya kurithi dhaifu zote mbili, nafasi moja kati ya nne ya kurithi nzima zote mbili, na nafasi iliyobaki ya kufanana nao. Ndugu wa damu hawagawani jeni sawasawa kama wanavyogawana ugali.

Nilimweleza mama yao haya kwa lugha nyepesi kuliko hii, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya dirisha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni sisi wazazi wake tuliompa." Nikamjibu, "Mama, na huyu ambaye nyayo zake hazina shida mmempa ninyi pia." Akacheka, na nadhani kicheko kile kilifanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu yote ya makuli wa bandarini, kwa sababu tangu siku hiyo hakuogopa tena kuwa binti yake ana ugonjwa wa ziada. Kuwa na NAT2 ya polepole si ugonjwa. Sehemu kubwa sana ya watu wa Afrika Mashariki ni wa polepole, na hawatalijua hilo hadi siku watakapokutana na dawa inayopita njia hiyo.

Wapo waliolichukua jambo hili hadi kwenye kipimo cha dawa chenyewe. Huko Japani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Junichi Azuma na wenzake walipima kwanza jeni ya NAT2 kisha wakapanga isoniazidi: wa polepole walipewa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, wa kati walipewa 5, na wa haraka walipewa 7.5. Madhara ya ini yalipungua kwa wale wa polepole, na wale wa haraka walionyesha mwitikio bora wa matibabu mwanzoni. Nilipousoma utafiti huo nilivutiwa zaidi na hao wa haraka, kwa sababu huku kwetu hawaji dirishani kulalamika. Anayeunguzwa na dawa anapiga kelele. Anayepata dawa kidogo kuliko anavyohitaji hukaa kimya, na tunachokiona ni makohozi yanayochelewa kusafika.

Mgonjwa aliyenifundisha zaidi, hata hivyo, alikuwa mvuvi wa dagaa wa mwambao wa Tanganyika. Hii ilikuwa miaka kadhaa kabla ya 2019, wakati kidonge cha kila siku cha watu wengi wanaoishi na VVU kilikuwa kile tulichokiita TLE, yaani tenofovia, lamivudini na miligramu 600 za efavirenzi ndani ya kidonge kimoja. Maelekezo yalikuwa kukimeza usiku kabla ya kulala ili kizunguzungu cha efavirenzi kimkute mtu kitandani. Ni maelekezo mazuri kwa mwalimu, kwa mkulima na kwa mama wa nyumbani. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, taa zikiwa juu ya maji kuwavuta dagaa, na analala mchana. Mbalamwezi ikiwa kubwa ndipo anapumzika nyumbani. Yeye alitii kama alivyoambiwa, akameza saa mbili usiku, akaingia kwenye boti. Efavirenzi hufika kileleni kwenye damu saa 3 hadi 5 baada ya kumezwa, kwa hiyo kilele chake kilimkuta katikati ya ziwa, wavu mkononi.

"Nikiinama kuvuta wavu," akaniambia, "maji yanapanda na mbingu inashuka. Wenzangu wanadhani nimelewa." Nikamuuliza, "Kaka, kabla ya kumeza huwa unakula nini?" Akasema ugali wa muhogo na dagaa au migebuka iliyopikwa kwa mawese. Hapo nilidhani tumepata njia ya kuanzia, kwa sababu chakula chenye mafuta mengi huongeza efavirenzi inayoingia kwenye damu, na mapishi ya mawese ya Kigoma si mapishi ya kubania mafuta. Kwa makubaliano na tabibu wake wa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, tulimhamishia dawa asubuhi, akitoka ziwani, tumbo likiwa tupu, kisha alale. Alipata nafuu, lakini si ya kuridhisha. Katika wiki za mbalamwezi, alipokuwa analala nyumbani usiku kama watu wengine, ndoto zilimwandama. Aliota anazama, akaamka amelowa jasho, na mchana kichwa kilikuwa kizito. Mke wake, aliyekuwa akimeza kidonge kilekile kutoka kopo la aina ileile, alisema siku za mwanzo aliota ndoto mbili tatu za ajabu, baada ya hapo hakusikia kitu.

Efavirenzi huchakatwa zaidi na kimeng'enya kiitwacho CYP2B6, ambacho jeni yake iko kwenye kromosomu ya 19. Katika nafasi ya 516 ya jeni hiyo, watu wengi wana herufi T mahali ambapo wengine wana G, na badiliko hilo dogo linavuruga namna ujumbe wa jeni unavyounganishwa kabla ya kusomwa, hivyo ini linatengeneza kimeng'enya kidogo kuliko kinachotakiwa. Mwenye T kutoka kwa wazazi wote wawili huwa na efavirenzi nyingi mno kwenye damu yake, mara kadhaa zaidi ya mwenye G mbili. Lipo na badiliko lingine, la nafasi ya 983, linalopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, nalo linaidhoofisha kazi hiyohiyo. Mume na mke si ndugu wa damu, kwa hiyo hakuna la kushangaza mmoja akilala fofofo na mwenzake akazama kila usiku.

Jambo lililonitisha zaidi alilitaja kwa kupita tu, wakati anainuka kuondoka: siku za uvuvi mkubwa alikuwa anaiacha dawa mpaka mwezi uchomoze. Nilimrudisha akae. Kwa mtu wa kawaida efavirenzi tayari ni dawa inayokaa sana mwilini, nusu yake ikichukua zaidi ya saa 40 kuondoka. Kwa mchakataji wa polepole inaweza kubaki kwenye damu kwa majuma baada ya kidonge cha mwisho. Tenofovia na lamivudini haziwezi kukaa kwa muda huo. Mtu wa namna hiyo akiacha kidonge chake ghafla, dawa mbili zinaondoka na ya tatu inabaki peke yake, ikipungua kidogokidogo, na kirusi kinachokutana na dawa moja iliyopungua kinapata nafasi nzuri kabisa ya kujifunza kuishinda. Kwa hiyo yule ambaye dawa inamtesa zaidi, na ambaye kwa hiyo ana kishawishi kikubwa zaidi cha kuiacha, ndiye pia ambaye kuiacha ghafla kunaweza kumgharimu zaidi. Sikuwahi kukiona kitanzi hiki kimeandikwa kwenye bango lolote la ukutani kliniki, na kwa maoni yangu kilistahili bango.

Tabibu alimpima wingi wa virusi, akaona bado wamedhibitiwa, akambadilishia efavirenzi kwa kufuata mwongozo. Kizunguzungu hakikuisha kesho yake, nami nilikuwa nimemtayarisha kwa hilo, kwa sababu dawa inayotoka polepole inatoka polepole hata baada ya kuachwa.

Baadaye nilisoma kazi za watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na wenzao wa Taasisi ya Karolinska ya Uswidi, waliofuatilia wagonjwa wa Tanzania na Ethiopia waliokuwa wakitumia efavirenzi kwa kipimo kilekile. Viwango vya dawa kwenye damu vilikuwa juu zaidi kwa Watanzania, na nakala dhaifu za CYP2B6 zilikuwa nyingi zaidi kwao. Nao utafiti wa kimataifa uitwao ENCORE1, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba miligramu 400 zilidhibiti virusi vizuri kama 600. Ukiziweka habari hizo mbili pamoja unapata picha isiyopendeza sana: kipimo kilichoamuliwa mbali na sisi kilikuwa kikubwa kuliko kilichohitajika, na uzito wa ziada huo uliwaangukia zaidi watu wenye jeni ambazo kwetu ni za kawaida. Mwaka 2019 nchi ilipoanza kuhamia TLD, yenye dolutegravia badala ya efavirenzi, malalamiko ya ndoto yalipungua dirishani kwa kiasi cha kuonekana. Dolutegravia hupita zaidi kwenye kimeng'enya kingine, UGT1A1, ambacho tofauti zake za kurithi hazimtikisi mgonjwa kiasi hicho.

Hadi hapa nimezungumzia dawa ambazo ini linazima. Zipo nyingine ambazo ini ndilo linaloziwasha, na hapo mambo yanageuka. Tramado, ambayo tunaitumia kwa maumivu makali baada ya upasuaji, hufanya sehemu kubwa ya kazi yake baada ya kimeng'enya CYP2D6 kuibadilisha. Kodeini nayo haina maana kubwa hadi kimeng'enya hichohicho kiigeuze kuwa mofini. Mwenye CYP2D6 dhaifu anameza na maumivu hayasogei. Wodini nimewahi kumsikia mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri akiambiwa kwamba anadeka, kwa kuwa jirani yake wa kitanda cha pili amepewa dawa ileile na analala. Upande wa pili wapo watu wenye nakala tatu au zaidi za jeni hii, ambao ini lao linawasha dawa kwa kasi ya hatari, hadi pumzi inaweza kudhoofika. Ni kwa ajili ya watoto wa aina hiyo Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza kodeini kwa maumivu ya watoto mwaka 2012, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ikapiga marufuku kodeini na tramado kwa walio chini ya miaka 12.

Jeni hii ya CYP2D6 ndiyo iliyomwangusha Robert Smith, mtafiti wa London, katikati ya miaka ya 1970. Yeye na wenzake wa maabara walimeza dawa ya shinikizo la damu iitwayo debrisokwini ili waifuatilie. Wenzake hawakupata shida, yeye shinikizo lake likaporomoka hadi hakuweza kusimama. Badala ya kulichukulia kama bahati mbaya alitafuta sababu, na mwaka 1977 yeye na wenzake wakachapisha ushahidi kwamba uwezo wa kuichakata dawa hiyo unarithiwa. Huwa nawasimulia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kisa hiki kwa sababu moja tu: profesa alipodhoofishwa na dawa iliyowaacha wenzake salama, dunia ilipata ugunduzi, mgonjwa wa ngiri anapolalamika kwamba dawa iliyomlaza jirani haimsaidii, anaambiwa anadeka.

Watu wakishaelewa kwamba mambo haya ni ya damu, swali linalofuata huwa ni la kabila. Nimeulizwa kama Waha ni wa polepole, kama Wamanyema wa Ujiji ni wa haraka, kama ndugu zetu waliotoka Burundi na Kongo wanaoishi kambini Nyarugusu wanahitaji kipimo chao. Ninalijibu swali hili kwa tahadhari. Ni kweli kwamba wingi wa nakala fulani hutofautiana kati ya jamii na jamii, na tofauti ndani ya Afrika yenyewe ni kubwa: utafiti wa mwaka 1996 ulikuta asilimia 29 ya Waethiopia wakiwa na nakala za ziada za CYP2D6, ilhali nakala iitwayo namba 17, ambayo hupunguza kasi ya kimeng'enya, iliyoelezwa na Collen Masimirembwa na wenzake kutoka kwa Wazimbabwe mwaka huohuo, imeenea kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara. Anayeandika "Waafrika" kama kundi moja kwenye jedwali la dawa amewachanganya wachakataji wa haraka sana na wa polepole kwenye chungu kimoja, na wastani anaoupata haumhusu yeyote kati yao. Lakini wale ndugu wawili wa Kasulu wana baba mmoja, mama mmoja na kabila moja. Kama kabila lingetosha kutabiri, nyayo za wote wawili zingeungua.

Wala si kila kitu ni jeni. Ini la mtoto mchanga halijakamilisha vimeng'enya vyake. Ini lililochoshwa na pombe au homa ya ini limepoteza vingi. Rifampisini huliamsha ini litengeneze vimeng'enya zaidi, ndiyo maana mwenye kifua kikuu anayetumia dolutegravia humeza miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Dawa za miti shamba nazo zinaweza kuharakisha au kuzuia, na watu hawazitaji wakiulizwa kwa ukali. Nimezoea kuuliza, "Na nyumbani bibi amekuchemshia nini?" na mara nyingi ninapata jibu ambalo swali la "unatumia dawa nyingine?" halikunipa.

Kazini kwangu hatuna kipimo cha jeni hizi, kwa hiyo yule dada na yule mvuvi ninawasoma kwa dalili zao na kwa kile sayansi inachosema kuhusu dawa walizotumia. Hilo halituachi mikono mitupu. Mgonjwa anapokuja na lalamiko ninaandika saa aliyomeza, saa dalili zilipoanza, alichokula na uzito wake wa siku hiyo, si wa mwezi uliopita. Ninauliza pia swali ambalo zamani halikuwamo kwenye mazoea yetu: kuna ndugu wa damu aliyewahi kuteswa na dawa hii, au ambaye dawa hii haikumfanya kitu? Wazee hukumbuka vizuri. Mzee mmoja wa Ujiji alinitajia ndugu zake watatu kwa majina na dawa iliyomshinda kila mmoja. Madhara yanayostahili kuripotiwa ninayajaza kwenye fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na ninawasihi vijana wasiyaandike kwa maneno mawili, kwa kuwa anayeisoma fomu hiyo Dodoma au Dar es Salaam hamuoni mgonjwa anavyotembea kwa visigino.

Kipimo chenyewe hakiko mbali kama watu wanavyofikiri. Hospitali nyingi za wilaya zina mashine ya GeneXpert inayosoma vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu kwenye makohozi, na watafiti wamekwisha kutengeneza kipimo cha majaribio cha NAT2 kinachotumia jukwaa hilohilo. Kikitufikia, sitapendekeza tuanze kwa kumpima kila anayepita getini. Bajeti yetu ya vitendanishi naijua. Ningeanza na wagonjwa wapya wa kifua kikuu, siku ileile wanapogundulika, kabla ya kidonge cha kwanza, na kati yao ningewatanguliza wenye ini lenye matatizo na wenye ndugu aliyewahi kuacha dawa hizi njiani, kisha ningewafuatilia kwa bidii wale ambao karatasi itaonyesha kuwa ni wa haraka, maana hao hawatakuja dirishani wenyewe.